Asije Mtu Akapiga Windo

Baba alinipigia simu saa kumi na mbili na robo asubuhi, nikiwa na mswaki mdomoni, akaniambia mama yangu ametoweka kwenye kompyuta. Hakunisalimia. Baba amefundisha shule za msingi za Mufindi tangu ujana wake mpaka anastaafu, na mwalimu wa aina yake haruki salamu hata bati likiezuliwa na upepo. Nikatema povu, nikajua leo kuna jambo.

"Ametowekaje, baba?"

"Nimewasha, nimekuta giza. Kioo chote cheusi. Chini huku kulia kuna maneno ya Kiingereza, yanasema niende kwenye mipangilio nikaiamshe windo. Mimi nimeiamsha. Nimezima na kuwasha mara tatu. Haijaamka."

"Usiguse tena. Nitatafuta namna."

"Namna ipo tayari. Nimempigia fundi wa Mafinga. Anakuja Jumamosi kupiga windo."

Nikakaa juu ya ndoo iliyofunikwa.

Kwa asiyejua, huku kwetu kompyuta ina magonjwa mengi na dawa moja. Ikiwa nzito, inapigwa windo. Ikigoma kuchapa, inapigwa windo. Herufi ya A ikichomoka kwenye kibodi kwa sababu mtoto kaing'oa na kijiko, atatokea fundi mmoja aikague kwa huzuni, kisha aseme hapa mama dawa ni kupiga windo tu. Na kupiga windo ni kufuta kila kilichomo, kuweka mfumo mpya wa kuendeshea mashine, ndiyo hiyo windo, toka mwanzo, na kukurudishia mashine safi na tupu ambayo haikujui wewe wala ukoo wako. Watu wanalipia, wanashukuru, halafu wiki nzima wanatafuta barua zao.

Mimi nina steshenari Mbalizi, kando ya barabara kuu. Natoa kopi, nachapa barua za maombi ya kazi, napiga picha za pasipoti na kuwaambia watu wasicheke. Baba anaishi Igowole peke yake, na kuku, na bustani ya viazi, na hiyo kompyuta ya mezani aliyoinunua mtumba ili aandikie kumbukumbu za vikao vya wakulima. Mama alifariki mwaka juzi. Tangu hapo kumbukumbu za vikao zimelala, lakini kompyuta inawashwa kila siku alfajiri, kwa sababu picha ya mama ndiyo iliyojaa kwenye kioo. Baba anawasha, anaweka kikombe cha chai mbele yake, anamweleza kuku gani ametaga na nani kaoa, akimaliza chai anazima ili mashine ipumzike. Hatukuwahi kulizungumza hilo. Nililiona tu siku moja nikiwa likizo, nikarudi kitandani nikajifanya bado nimelala.

Na picha yenyewe haikuwa ya kawaida. Mama alikuwa mtu wa kukunja uso mbele ya kamera. Picha ya harusi yao, utadhani anapelekwa mahakamani. Ya kwaya, amefichwa na mama mmoja mrefu wa sauti ya pili, linaonekana sikio. Ya kitambulisho sitaki hata kuizungumzia. Hii moja tu ndiyo alicheka, na alicheka mpaka ukaonekana mwanya wake wa pembeni, kwa sababu mimi nilikuwa nimeteleza kwenye tope la uani na viatu vipya nilivyotoka kumringia navyo. Nikiwa palepale chini nikachomoa simu nikampiga picha.

Sasa nifike kwenye aibu yangu. Picha ile niliiweka mimi kwenye kompyuta ya baba. Nilichomeka simu kwa waya, nikaifungua picha, nikabonyeza pale panaposema iwe picha ya kwenye kioo, basi, nikachomoa. Sikuinakili popote. Mwezi uliofuata simu ikaibiwa stendi ya Mafinga. Mimi, ambaye kutwa nawahubiria wateja watunze nakala, ambaye nimebandika tangazo dukani kwa herufi nyekundu kwamba hatuhusiki na mafaili yaliyopotea. Na baba sikumwambia. Yeye aliamini kwamba picha ninayo.

Nikampigia fundi. Ni mtu wa makamo, mpole, na kujiamini kwake hakupimiki.

"Dada yangu, wala usiwe na presha. Kupiga windo ni dakika arobaini. Mimi ndiye niliyeipiga hiyo mashine mara ya kwanza."

"Ndiyo maana imekufa?"

"Haijafa. Ule ufunguo wa leseni niliouweka tulikuwa tunautumia watu wengi kidogo. Wameustukia, wameufunga. Nakuja na mwingine."

"Na vilivyomo ndani?"

"Vya muhimu tunavihamisha kwenye flashi. Wewe nitajie tu viko folda gani."

Nikamwambia nitampigia. Ningemwambia nini, folda ya ujinga wangu?

Siku iliyofuata alikuja dada mmoja anayefundisha kompyuta chuoni, mteja wangu wa siku nyingi, kutoa kopi za mitihani. Akanikuta nimefura. Akauliza, nikamwaga yote, na mashine ya kopi ikiendelea kutema karatasi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza taratibu kama kwetu kitasa kikigoma huwa tunabomoa nyumba.

"Tunabadilisha kitasa," nikasema.

"Basi na hapo ni hivyo hivyo. Ufunguo wa leseni unabadilishwa bila kupiga windo. Unaingia kwenye mipangilio, sehemu ya leseni, unabonyeza badilisha ufunguo, unaandika mpya, unaunganisha mtandao. Hakuna faili linaloguswa."

"Na picha?"

"Sehemu ya kubadilisha picha ya kioo inafungwa leseni ikikosekana. Ikifunguka, mara nyingi inakuwa bado inakumbuka picha za mwisho zilizowekwa. Mara nyingi, nimesema. Lakini mtu akitangulia kupiga windo, hapo isahau."

"Ufunguo naupata wapi?"

Akaniambia kompyuta za mtumba zilizotoka maofisini zilikuja na leseni zao halali, na ufunguo umeandikwa kwenye stika ndogo inayong'aa, ubavuni mwa boksi lenyewe la kompyuta. Herufi na tarakimu ishirini na tano, mafungu matano. Nikamtolea kopi zake bure. Alikataa, nikakasirika, akakubali.

Nikampigia baba nikamwambia amzuie fundi. Akasema fundi ameshatumiwa nauli, na mtu aliyetumiwa nauli hazuiwi, huo ni utovu wa adabu. Tukabishana mpaka salio langu likaisha, kisha akanipigia yeye ili tuendelee. Mwisho nikamwambia nakuja mwenyewe, na asije mtu akapiga windo kabla sijafika. Ijumaa nikafunga duka, jioni nikafika Igowole. Baridi ilikuwa ile ya kuuma meno, na umeme ulikuwa umekatika. Tukala viazi na maharage kwa taa ya chemli, kila mmoja na koti lake, hatuzungumzi habari za kompyuta.

Jumamosi asubuhi umeme ukarudi. Baba akaondoa vitambaa viwili vya kufuma alivyoviacha mama, kimoja cha kioo na kimoja cha boksi, akavikunja, akawasha. Giza. Pale chini kulia maneno yalikuwepo kama alivyosema. Akaweka kikombe chake cha chai mbele ya ule weusi hivyo hivyo, na mimi nikajifanya natafuta miwani ambayo sina.

Nikaligeuza boksi. Upande wa kushoto, hakuna stika. Upande wa kulia palikuwa na alama ya mstatili, safi kuliko sehemu nyingine zote, ya ukubwa wa kiberiti. Kitu kilikuwa kimebandikwa hapo na kikabanduliwa kwa uangalifu.

"Baba, hapa palikuwa na stika."

"Palikuwa nayo."

"Iko wapi?"

"Unaniuliza mimi kama mshtakiwa?"

"Nakuuliza kama mwenye kompyuta."

"Kompyuta hii imeingia humu ndani miaka mingapi? Nitakumbuka kila karatasi?"

Mimi nina hasira za karibu, watu wa Mbalizi wanajua. Nikasema nyumba hii hakuna kitu kinachokaa mahali pake. Neno lilipotoka tu nikalijutia, kwa sababu aliyekuwa anapanga vitu nyumba hii hakuwa baba.

"Hiyo ni nyumba ya mama yako unayoisema," akasema. "Halafu makelele yote haya ya nini? Fundi apige windo yake, wewe uturudishie picha kutoka kwenye simu yako. Si unayo?"

Basi nikamwambia. Nikamwambia waya, na stendi, na simu, na kwamba hakuna nakala duniani ila hiyo iliyojificha nyuma ya huo weusi, na labda hata hiyo haipo. Nilitegemea anigombeze. Nilikuwa nimejiandaa kugombezwa, hata majibu nilikuwa nayo. Badala yake alikaa kwenye kiti chake akakishika kikombe kwa mikono miwili bila kunywa, akawa mdogo kwenye lile koti. Nikashindwa kumtazama, nikatoka nje.

Nilisimama kwenye kizingiti, mgongo kwa nyumba, ukungu umefunika bustani yote, nalia kwa hasira ya kujikasirikia, kamasi na kila kitu. Fundi alikuwa njiani. Nikageuka nijifute kwa upindo wa khanga asije akanikuta hivyo, uso wangu ukaja sambamba na mlango.

Mlango wa kwetu una stika. Ilikuwa sheria ya mama. Walipopita watu wa sensa wakabandika karatasi yao, wakamwambia mama hii isibanduliwe, mpaka wenyewe watakaporudi. Mama akalichukua agizo hilo akaliongezea mipaka. Walipokuja wa kupuliza dawa ya mbu, stika yao mlangoni. Waliogawa vyandarua, mlangoni. Waliochanja watoto waliandika kwa chaki, na mama alipoona chaki inafutika akaipitishia wino. Kitu chochote chenye namba na sura ya kiserikali mahali pake palikuwa mlangoni, ili siku afisa akija asihangaike kuuliza. Mwaka jana, kwa ajili ya kumaliza msiba, baba alipaka mlango ule rangi ya kijani, na stika hakuzigusa. Alizizunguka kwa brashi ndogo, moja baada ya nyingine. Mimi nilimcheka wakati ule, nikamwambia mlango umepata upele.

Sasa chini ya stika ya chandarua, juu kidogo ya komeo, palikuwa na kastika kamoja kadogo, kanang'aa kwa rangi ya fedha. Nilikapita miaka yote hiyo nikiingia na kutoka. Kalikuwa kamebandikwa kwa gundi ya uji wa ngano, ile ya mama, kingo zake nne zikiwa zimenyooka. Nikasogeza pua. Herufi na tarakimu, mafungu matano.

"Baba," nikaita. "Baba, njoo na miwani."

Akaja polepole. Akainama, akasoma, akainuka. Ikamrudia palepale mlangoni. Mwaka uleule wa sensa ndipo kompyuta ilipofika. Mama aliizunguka, akaiona stika inayong'aa, akasema mtu hawezi kuficha kitu cha serikali chini ya meza. Akachukua wembe.

"Nilimwambia aiache," baba akasema. "Akaniuliza, wewe mwalimu, afisa akija utambebea boksi zima?"

Ikaja kazi ya kuuhamisha ufunguo kutoka mlangoni mpaka sebuleni. Ningeweza kuupiga picha kwa simu na kuusoma nikiwa nimekaa. Wazo hilo lilinijia baadaye, kila kitu kilipokwisha. Wakati ule baba alikuwa ameshashika tochi, amekohoa, amesimama wima mbele ya mlango, na mimi mtoto wake nikajikuta nimekaa kwenye kompyuta mgongo umenyooka, vidole juu ya kibodi. Alianza imla.

"Fungu la kwanza. Nasoma mara mbili tu. H, ya hema. H. Saba, tarakimu. Saba. K, ya kuku."

"Taratibu, baba."

"Anayesikiliza haombi taratibu. K."

Simu yangu yenye bando niliipachika juu ya fremu ya dirisha, mahali pekee ambapo mtandao unafika kwetu, na hata hapo unafika kwa kujisikia. Baba akaendelea kwa sauti ile iliyokuwa inafika darasa la jirani. Mama mmoja aliyekuwa anapita na kuni barabarani akasimama, akasalimia, akatikisa kichwa na kuondoka. Nadhani alisikitika kwamba upweke umemfikisha mwalimu mahali pa kuufundisha mlango.

Nikamaliza fungu la tano, nikabonyeza. Mashine ikawaza. Ikakataa.

"Umekosea," baba akasema kutoka nje, kabla sijamweleza.

"Wewe ndiye umesoma vibaya."

"Miaka yote nimesomea watoto imla, sijawahi kusoma vibaya. Nani alikuwa anaandika nane zilizolala?"

Wakati huo fundi akafika, kwa bodaboda, na begi lake la diski kifuani. Akamkuta mzee amemulika mlango kwa tochi mchana kweupe. Akasalimia kwa kilugha, kamwene, mwalimu. Baba akamjibu bila kugeuka, akamwonyesha kwa kidole asimame pembeni kwa sababu somo linaendelea. Fundi akasimama pembeni, kofia mkononi. Baada ya muda akaomba ruhusa, akainama kwenye stika, akalowesha kidole kwa mate na kukwaruza sehemu moja kwa ukucha. Tone la rangi ya kijani likatoka. Tuliyoisoma nane ilikuwa B.

"Nilikuuliza stika mwalimu mwaka ule," fundi akasema. "Ukaniambia mashine ilikuja bila."

"Ulivuka kizingiti ukiwa unaiangalia," baba akamjibu. "Rudi nyuma. Tunarudia."

Tukarudia lote, toka hema. Safari hii baba alisoma mara tatu, ila hakukiri. Nikabonyeza. Mashine ikawaza tena, mtandao ukapotea, fundi akanyanyua simu juu ya dirisha kwa mkono mrefu wa mtu aliyekwishalipwa nauli, mtandao ukarudi. Yale maneno ya kwenye kona yakafutika. Yalifutika kimya kimya, nikabaki nakodolea pale yalipokuwa.

"Bila kupiga windo," fundi akasema polepole. Hakuwa na kinyongo. Alikuwa na uso wa mtu anayefikiria mashine zote alizokwisha kuzifuta wilaya nzima.

Kioo kilikuwa bado cheusi. Baba alikuwa ameingia, amesimama nyuma ya kiti changu, namsikia anavyopumua. Nikafungua sehemu ya picha za kioo, ile iliyokuwa imefungwa. Ikafunguka. Zikaja picha ndogo tano kwenye mstari. Ya kwanza weusi mtupu. Ya pili maua ya kizungu. Ya tatu mlima na theluji. Nikamgombeza fundi kwamba ananizibia mwanga.

Ya nne ilikuwa mama.

Niliibonyeza, akajaa kioo kizima. Beseni la viazi miguuni, kisu mkononi, mwanya wake, anacheka mpaka macho hayaonekani, ananicheka mimi niliye chini kwenye tope. Nilimhifadhi hapohapo sehemu nne tofauti, nikaituma picha kwenye simu yangu, nikaituma na kwenye simu ya fundi, ambaye hakuelewa kwa nini lakini akapokea kwa heshima. Nikasema sasa niende nikakabandue kale kastika nikakarudishe kwenye boksi, mahali pake.

"Iache," baba akasema. "Iko mahali pake."

Akavuta kiti. Akakisogeza kikombe mbele yake, chai ilikuwa imepoa kabisa, akamtazama mama kwa muda. Kisha akasema naye kwa sauti yake ya kila siku, ile ya kuuliza chumvi imewekwa wapi.

"Kumbe ufunguo ulikuwa nao wewe."

Tukasubiri, mimi na fundi. Baba akageuka akatuona bado tumesimama.

"Mnangoja nini? Kaweke chai nyingine, mwanangu, na mgeni anywe. Na mlango uufunge taratibu."